Kuhesabu mbele ya watu: Kingamyambo, intaneti na kaye ya kilio

Kila mara tunapokutana mu chama chetu, kuko muzee moja atasimama na kusema: "Iyi intaneti yenu njo inaharibisha desturi. Sasa mambo yote iko inje. Mutoto anajua mambo ya bazazi, muke anajua mambo ya sultani." Watu wanacheka, wengine wanapiga mikono. Sisi pia tulipiga mikono, na si mara moja. Kisha kijana mwenye telefone anamujibu kwamba ni vizuri mambo yaende inje, siri ya wazee njo ilituuza.

Sasa tunaona wote wawili wanasema neno moja. Muzee anasema desturi ilikuwa siri, intaneti ni wazi, na anahuzunika. Kijana anasema vile vile, tofauti tu ni kwamba yeye anafurahi. Tunawaomba wote wawili watufuate kwanza ku kilio.

Mwenye kuishi Kolwezi anajua kilio chetu: viti vya kuazima, bashi yenye kufungwa ku muti na ku ukuta, moto wa usiku, wamama jikoni. Pembeni ya mulango kuko meza ndogo, na juu ya meza kuko kaye. Kijana mwenye mwandiko muzuri anakaa pale. Ukileta feza, anaandika jina na kiasi. Ukileta unga, anaandika unga. Ukileta mufuko wa makala, anaandika makala. Siku ya kutawanyika, muzee wa jamaa anasimama, na ile kaye inasomwa kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho: vyenye viliingia, sanduku ilikula kiasi gani, kaburi kiasi gani, motokari, chakula, na kiasi gani kimebakia kwa wayatima. Kisha muzee anauliza: "Kuko mutu eko na neno?" Na anangojea.

Tukawie kidogo ku ile kungojea. Kaye peke yake haiko kitu. Hata mwizi anaweza kuwa na kaye muzuri. Lakini pale mutu anaweza kusimama: "Miye nilileta mifuko mbili ya makala, munasoma moja." Wanarudi ku ukurasa, wanakosoa mbele yake, na mambo yanaisha. Ku ndoa ni vile vile: vitu vya mahari vinawekwa chini, vinahesabiwa na upande mbili, moja kwa moja, hata kama kila mutu alikwisha kuona kitenge na jembe tangu ku mulango. Ku likelemba ya wamama wa soko, vile vile. Kwa hiyo tunakataa kabisa kwamba uwazi ni kitu kigeni kwetu. Uwazi wetu ulikuwa na namna yake: kuhesabu kwa sauti, siku yenye kujulikana, mbele ya watu wenye haki ya kujibu.

Tusijisifu kupita kiasi. Ku kilio ndiyo, lakini ku barza ya sultani watu wote hawakukaa karibu. Milambo ilionekana ikiingia, kila mutu aliona mbuzi na mutama. Namna ilitoka, sultani alijua pamoja na wake wachache. Na wale mababu wenye Monseigneur de Hemptinne alikuja kuandika juu yao mu 1926, akawaita wakula-mukuba, kazi yao ya kuyeyusha mawe ilikuwa na mabwana wake na dawa zake. Mutu wa kupita njia hakufika ku tanuru na kuuliza maswali. Inchi yetu ya mukuba ilijua siri mbele Wazungu hawajafika. Wazungu waliiongeza tu makaratasi.

Union Minière ilizaliwa mu 1906. Mu 1967 Leta iliichukua, na kisha ikawa Gécamines. Wale wa rika yetu walikomaa ndani ya ule usemi: Gécamines njo baba, njo mama. Baba analeta unga, analeta maziwa, analipa masomo na hospitali. Na mutoto gani anamuuliza baba yake: ulipata kiasi gani mwezi huu, ulitumia namna gani? Baba yetu mwenyewe alitumika ku konsantratere ya Kolwezi miaka mingi. Alijua mashini yake hata mu usingizi. Lakini bei ya ile mukuba aliyoosha hakuijua hata siku moja, na hakuona kama ilimuangalia. Usemi wenyewe ulifunga kinywa. Tunapenda kusikia watu wakiulilia leo, lakini ukiuangalia vizuri, ulikuwa mulango wenye kufungwa.

Matope yenye kubakia kisha kuosha mawe, mashini iliyatupa. Mengine yalijaza bonde la Kingamyambo, mengine yalikwenda na muto Musonoi. Miaka makumi mingi. Sisi watoto tuliona pale kama uwanja mubaya tu, vumbi mu kiangazi, utelezi mu masika. Kumbe mule mulibaki zaidi ya tani milioni 100 zenye mukuba na kobalti, kwa sababu mashini za zamani hazikuweza kutosha yote.

Sasa sikilizeni namna sisi watu wa Kolwezi tulipata kujua bei ya ule udongo. Kulikuwa sosiete yenye kuitwa Kingamyambo Musonoi Tailings, KMT kwa kifupi. First Quantum ya Kanada ilikuwa na 65 kwa mia tangu iliponunua sosiete Adastra mu 2006. Gécamines ilikuwa na 12,5 na Leta 5. Zingine zilikuwa za shirika moja la Benki ya Dunia na shirika moja la Leta ya Afrika ya Kusini. Mu 2009 Leta ilinyanganya kibali, na mwanzo wa 2010 ikakipatia kikundi kingine chenye sosiete zake ziliandikishwa mu visiwa vya mbali, kikundi cha mufanyabiashara Dan Gertler. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule, sosiete ENRC ya London ikanunua sehemu kubwa ya kile kikundi kwa dola milioni 175. Mu mwezi wa kwanza wa 2012, ENRC ikakubali kuwalipa First Quantum dola miliari 1,25 ili kesi ziishe, ndani yake Kingamyambo pamoja na migodi ya Frontier na Lonshi kule Sakania.

Tulisoma zile hesabu mu sibere moja ya muji, tukilipa kwa saa, dikshonere ya Kiingereza ku magoti. Hakuna mukubwa wa hapa alituambia. Hakuna tangazo lilibandikwa ku komine. Ule udongo uko nyuma ya nyumba zetu, na bei yake ilitufikia kutoka London.

Kijana wetu wa ku mwanzo atasema: "Munaona? Intaneti njo ilifungua." Sisi tunasema: pole pole. Ile sosiete haikuandika bei kwa sababu ilipenda intaneti, wala kwa sababu ilitupenda sisi. Iliandika kwa sababu iliuza hisa zake ku soko ya London, na sheria ya ile soko inalazimisha kusema kwa wenye hisa kila kununua kukubwa. Uwazi ule ulifanywa kwa ajili ya watu wenye feza yao ilikuwa mule ndani. Sisi tulikuwa sawa mutu mwenye kupita karibu na kilio cha wengine, akasikia kaye inasomwa. Alisikia, ndiyo. Lakini wakati muzee anauliza "kuko mutu eko na neno," hakuulizwa yeye.

Mu inchi yetu mambo yalikwenda vile vile: kwanza mutu alilazimisha, kisha mutandao ukabeba. Komisio ya mubunge Lutundula iliangalia kontra zenye zilitiwa sahihi mu miaka ya vita. Ripoti yake ilifika mu Bunge mu 2005 na ilikaa mu kabati miezi mingi, mpaka ilipopita mukono kwa mukono na kufika mu mutandao. Tarehe 20 ya mwezi wa tano 2011, Waziri wa kwanza alitia sahihi dekre yenye kusema: kila kontra ya mali ya asili itangazwe mbele siku 60 hazijapita. Ile dekre ilikuwa na meno, lakini meno ya kuazima. Mwisho wa 2012, Shirika la Feza la Dunia lilikatisha programu yake ya mukopo kwa Kongo kwa sababu kontra moja, ya kuuza hisa za Gécamines mu sosiete Comide, haikutangazwa yote namna ilikuwa lazima. Na mu 2013 kikundi cha Kofi Annan, kwa kusoma makaratasi yale yale yenye kila mutu angeweza kufungua, kilifanya hesabu kwamba Kongo ilipoteza dola miliari 1,36 mu mauzo matano ya kati ya 2010 na 2012. Kingamyambo ilikuwa moja kati ya yale matano. Dola miliari moja na zaidi! Mu masomo yetu wanafunzi watatu wanakaa ku banki ya wawili.

Basi, kontra zilianza kutoka. Tulikwenda kuzitafuta. Kila ukurasa ulipigwa picha, mingine ilikaa kichwa chini. Kifaransa cha wavoka, kile chenye hata sisi tuliopata diploma ya ISP tunasoma mara tatu mbele ya kuelewa. Ukifika mahali pa maana, feza ya kuingilia, asilimia, tarehe, unakuta maneno haya: tazama nyongeza. Unatazama nyongeza, haiko. Ni kama kaye ya kilio yenye kuonyesha majina yote na kuficha viasi. Tangazo limefanywa, sheria imetimizwa, mutu wa biro anaweza kulala. Uwazi wa namna hii tunauita uwazi wa dirisha lenye kioo cheusi, na ni huu tunauchambua hapa, si intaneti yenyewe.

Mambo yaligeuka kidogo ku 2018, wakati sheria mupya ya madini ilitoka, ile ya tarehe 9 ya mwezi wa tatu. Ilisema wazi: feza yenye sosiete inalipa kwa kila mukuba inayouza inagawanywa, 50 kwa mia kwa Leta kubwa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekteri ao sheferi kwenye muchanga unatoka, na 10 kwa akiba ya vizazi vinavyokuja. Tena 0,3 kwa mia ya mauzo yote iende ku kazi za maendeleo ya watu wa kando. Mara ya kwanza sheferi ilionekana mu hesabu na jina lake. Na ripoti za ITIE, ule mupango wa kulinganisha yenye sosiete inasema imelipa na yenye Leta inasema imepokea, zikaanza kuonyesha kiasi kilichokwenda mahali fulani. Kongo ilisimamishwa mu ule mupango mu 2013 na ikarudishwa mu 2014. Si kitu kizima, lakini kiko.

Tulikuwa mu mukutano wa sheferi moja ya jimbo letu, hatutaitaja. Kijana moja akasimama na telefone mukononi. "Muzee, humu banasema sheferi ilipata feza mingi. Iko wapi?" Akasoma kiasi. Watu wakaguna. Notable mwenye kukaa mu kiti cha mbele akasimama na hasira: "Weye ni nani wa kunihesabia? Baba yako alikuwa ananihesabia?" Wazee wakasema mutoto amekosa heshima, vijana wakapiga kelele, na kwa kweli tuliona mukutano umekufa.

Mama muzee moja, mwenye tulikuwa tumekaa karibu naye ku kitanda cha mupango, akainua mukono. "Batoto, musomee tena. Polepole. Tena na weye mwenye telefone, utuambie, ile feza ni ya mwaka gani?"

Kijana akaangalia. Ilikuwa ya miaka mbili nyuma, maana zile ripoti zinachelewa. Tena ilikuwa kiasi chenye sosiete ilisema imelipa, si kiasi chenye sheferi ilisema imepokea. Notable akapumua, akafikiri ameshinda. Lakini yule mama hakukaa chini. "Basi na weye muzee, leta kaye ya ule mwaka. Shiye tutaisikiliza vile tunasikiliza ya kilio. Hatukuhesabie weye. Tunahesabu feza." Wakapana tarehe.

Kaye ililetwa, kisha majuma matatu badala ya mawili. Hatusemi kila kitu kilikuwa safi. Kulikuwa na mustari wa "safari" wenye ulichekesha watu mpaka machozi, na kiasi kimoja hakijaelezwa mpaka leo. Lakini siku ile tuliona kitu tunachotafuta kusema: telefone ilileta swali lenye zamani hakuna kijana angekuwa nalo, hapa muzee wa chama chetu akubali. Na jibu lilipatikana kwa desturi, hapa kijana naye akubali. Bila telefone notable asingeleta kaye. Bila yule mama, kijana angerudi nyumbani na kiasi cha mwaka mwingine, amemutukana mutu, na feza ingebaki kwenye ilikuwa.

Kuko tena upande mwingine, wenye unatuumiza kwa sababu uko mu nyumba zetu wenyewe. Sasa kilio kimeingia mu WhatsApp. Mutu akifariki, mbele hata ya kufunga bashi, kikundi kimefunguliwa, na orodha inaanza kutembea: fulani wa Johannesburg dola 100, fulani wa Bruseli dola 200, fulani wa Lubumbashi 20. Kila mwenye kutuma kwa telefone anaonekana palepale. Ni wazi kabisa, wazi kupita kaye. Musimamizi hawezi kukula hata franka moja. Tunasifu hiyo.

Lakini mu kilio kimoja cha jamaa yetu, jirani mujane alileta makala, akalala pale usiku tatu, akapika, akaosha vyombo. Mu ile orodha hakuonekana, maana orodha ilikuwa ya feza ya telefone tu. Zamani muzee mwenye kusoma kaye alijua kupitisha watu wa namna ile: aliongeza kwa kinywa, "tena kuko wale wametoa kwa mikono yao," akawataja. Orodha ya telefone haina kinywa. Na wale wenye walituma kidogo, kiasi chao kinakaa pale siku zote, mutu anaweza kukirudilia mwaka mwingine wakati wa magomvi. Kaye ilisomwa mara moja, kisha ikawekwa mu sanduku. Yule mujane hakusema kitu. Ku kilio chenye kilifuata hakuja, na mutoto wake njo alituambia sababu.

Hatuelewi vizuri namna gani ya kutengeneza jambo hilo. Jamaa zingine zimerudisha kusoma kwa sauti siku ya mwisho, orodha ya telefone pamoja na kaye ya meza, na muzee anaongeza wa mikono. Ni vizuri. Zingine zinasema ni kupoteza wakati, kila mutu alikwisha kuona. Wale hawajaelewa kwamba kuona na kusomewa ni vitu viwili.

Neno lingine, fupi. Mulango huu wa intaneti ufunguo wake hauko kwetu. Mu mwezi wa kwanza wa 2015 Leta iliufunga, na tena tangu tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2018, kisha uchaguzi, mpaka karibu tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Majuma karibu matatu inchi nzima ilikaa kimya, ripoti na kontra na vikundi vya jamaa, vyote. Watu walikufa mu zile siku sawa siku zote, na kaye za vilio ziliendelea kusomwa.

Udongo wa Kingamyambo sasa unafanyiwa kazi. Kiwanda cha Metalkol kilianza mu 2018, na lile bonde lenye tulichezea linaoshwa mara ya pili. Mwaka uliopita tulichukua kontra moja ya madini, si lazima kuitaja, tukaichapa, tukawapa wanafunzi wa darasa la tano waigeuze mu Kiswahili, kila kikundi artikle tatu. Walikwama ku neno "redevance." Kikundi moja kiliandika "milambo." Binti moja akakataa: milambo mudogo anamupelekea mukubwa, na hapa nani mudogo, nani mukubwa? Walibishana mpaka kengele ikalia. Kikundi kingine kiliandika "kodi ya udongo," na tumeiacha vile kwa sasa.

Kazi ilisimama ku artikle yenye kuonyesha nyongeza B, kwenye kuko kiasi chenyewe. Mu karatasi zetu haiko, mu mutandao haiko. Tuliandika barua mara mbili ku biro moja ya wakubwa, hatujapata jibu. Kama kati ya wasomaji wa kitabu hiki kuko mwenye kuwa nayo, atuletee ku mukutano wa chama, siku ya posho ya kwanza ya mwezi. Wanafunzi watakuwa pale, na tutaisoma kwa sauti.